Imetoka Upande Gani? Biolojia, Afya ya Akili na Watu wa Nyumbani

Mheshimiwa mwenyekiti, madaktari na wauguzi, maafisa wa ustawi wa jamii, wanafunzi, na zaidi ya wote ninyi ndugu wa wagonjwa mliokubali kuja kukaa nasi: nawashukuru.

Familia inapopata mgonjwa wa akili, swali linalotangulia ndani ya nyumba mara nyingi halihusu dawa. Huulizwa kwanza kwa kunong'ona, na kadiri miezi inavyopita huulizwa kwa sauti: hii imetoka upande gani? Upande wa baba humkumbuka shangazi wa mama aliyekuwa akiongea peke yake. Upande wa mama humkumbuka babu aliyekunywa mpaka akasahau watoto wake. Ikikosekana damu ya kulaumiwa, lawama huhamia kwenye malezi, na huko anayesimamishwa kizimbani karibu kila mara ni mama. Methali zetu zinawahudumia wote: mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwenye kutaka kumchoma mwenzake hakosi silaha.

Hoja yangu nitaitoa mapema, ili hata atakayelazimika kuondoka kabla sijamaliza aondoke nayo. Kilichoanzisha ugonjwa ni jambo moja, na kinachouendesha ugonjwa ukishaanza ni jambo jingine. Familia inaweza isiwe na hatia yoyote katika lile la kwanza, na bado ikawa na nguvu kubwa sana katika hili la pili. Kwa sababu hiyo, usingizi, hofu na uchovu wa yule anayemtunza mgonjwa ni mambo ya kitabibu kabisa, na sisi watumishi wa afya tunapaswa kuyashughulikia kama tunavyoshughulikia dozi ya dawa.

Taaluma yetu ina deni kwa familia, na ni vizuri nilitaje kabla ya mengine. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili wa watoto huko Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 wenye hali ambayo leo tunaiita usonji, inayompa mtoto shida ya kuwasiliana na kuhusiana na wengine. Alieleza kwa umakini mkubwa, lakini yeye na wenzake wakaanza kuwatazama wazazi na kuwaona ni watu baridi, wasio na joto la upendo. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann akaandika juu ya mama ambaye kwa tabia yake humzalia mwanawe skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli. Kufikia mwaka 1967, Bruno Bettelheim wa Chicago alikuwa akiuambia ulimwengu kwamba usonji unatokana na mama asiyemtaka mtoto wake, na kwamba tiba ni kumtenga mtoto na wazazi hao. Kizazi kizima cha akina mama kilibeba mizigo miwili: mtoto anayehitaji msaada usiku na mchana, na daktari anayesema wewe ndiwe uliyemharibu. Aliyepinga mapema na kwa nguvu alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe mwenyewe alikuwa na usonji. Mwaka 1964 alikusanya ushahidi akaonyesha kwamba chanzo kiko katika ukuaji wa ubongo. Hakuna anayeweza kuwarudishia wazazi wale miaka yao. Ninachowaomba wataalamu vijana ni kwamba mnapokutana na mzazi anayejitetea kabla hamjamuuliza lolote, mjue anajitetea dhidi ya nini.

Sasa, damu. Tunawezaje kutofautisha kilichorithiwa na kilichofunzwa, ikiwa wazazi wale wale ndio wanaotoa vyote viwili? Leonard Heston alipata njia. Alifuatilia watu 47 waliozaliwa na akina mama wenye skizofrenia katika hospitali za jimbo la Oregon, wakatenganishwa na mama zao ndani ya siku tatu za kwanza za maisha, wakalelewa na watu wengine. Akawalinganisha na watu 50 waliotenganishwa hivyo hivyo, ila mama zao hawakuwa na ugonjwa huo. Matokeo aliyachapisha mwaka 1966: katika kundi la kwanza watano walipata skizofrenia, katika kundi la pili hakuna hata mmoja. Hawakuwahi kulelewa na mama mgonjwa. Walichopata kwake ni vinasaba tu.

Lakini tuuangalie utafiti huo huo kwa upande wa pili, maana watu husoma watano wakasahau waliobaki. Watu 42 kati ya 47 hawakupata skizofrenia. Hata pacha wa yai moja, wenye vinasaba vinavyolingana, mmoja akiugua skizofrenia mwenzake huugua katika takriban nusu ya jozi au pungufu ya hapo. Kwa hiyo damu ina neno lake, na neno hilo si la mwisho.

Wala msitafute jeni moja, yaani kipande kimoja cha vinasaba, ya kuibebesha mzigo. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 70,000 wa skizofrenia, ulikuta sehemu 287 katika vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huo. Kila moja huongeza hatari kidogo mno. Kila mmoja wetu aliyeketi humu anazo kadhaa. Ukichora ukoo wa baba na ukoo wa mama na kupaka rangi sehemu hizo, pande zote mbili zitajaa rangi. Swali la upande gani, kwa kipimo cha biolojia, halina jibu kwa sababu pande zote zimechangia, na zimechangia katika watoto wazima pia.

Hapa niseme jambo ambalo kwa maoni yangu linaipa sayansi heshima. Mwaka 2003 timu iliyokuwa ikifuatilia watoto zaidi ya elfu moja waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973, ilitangaza kwamba aina fulani ya jeni inayohusika na serotonini, kemikali ya ubongo, humfanya mtu apate sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, akikutwa na mikasa ya maisha. Ilikuwa hadithi nzuri: jeni na mikasa vikikutana, mtu huanguka. Ikaingia vitabuni na madarasani. Watafiti wengine wakaijaribu tena na tena. Mwaka 2009 walipojumlisha tafiti 14, athari ya jeni ile haikuonekana. Mwaka 2019 timu nyingine ikapima jeni 18 zilizokuwa maarufu katika utafiti wa sonona, kwa kutumia taarifa za watu wengi sana, na hazikuonyesha chochote cha pekee kuliko jeni nyingine zozote. Kilichobaki kimesimama katika majumlisho yale ya mwaka 2009 ni kitu ambacho bibi zetu wangetuambia bila maabara: mikasa yenyewe, kufiwa, kuachwa, kupoteza kazi, kupigwa, huongeza sana uwezekano wa sonona. Kwa hiyo mtu akija kwenu anauza kipimo cha damu cha kumwambia mzazi kama mwanawe atapata sonona, msimpe fedha yenu.

Pale jeni na malezi vinapokutana kwa ushahidi mzuri zaidi ni katika kazi ya Pekka Tienari huko Ufini. Yeye aliwafuatilia watoto walioasiliwa, akapima pia hali ya familia zilizowalea. Wale ambao mama zao wa kuzaa walikuwa na skizofrenia, wakalelewa katika nyumba zenye mvurugano mkubwa wa mawasiliano, waliugua zaidi. Wenye damu ile ile waliolelewa katika nyumba tulivu waliugua kidogo sana. Na wale wasio na hatari ya kurithi, hata nyumba zenye mvurugano hazikuwafikisha kwenye skizofrenia. Ripoti yake ya mwaka 2004 nawasihi wanafunzi waisome polepole. Inaondoa lawama na inatia matumaini kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra.

Nifike mahali ambapo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo familia hutuelewa vibaya na sisi huwaelewa vibaya wao.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, London, mwanasosholojia George Brown alifuatilia wanaume 229 waliotoka hospitali za magonjwa ya akili. Wengi walikuwa na skizofrenia. Mtu angetarajia kwamba anayerudi kwa mama au kwa mke atafanya vizuri kuliko anayerudi kwenye chumba cha kupanga. Ilikuwa kinyume. Waliorudi kwa wazazi au wake zao walirudi hospitalini zaidi kuliko waliokwenda kukaa na ndugu wengine au katika vyumba vya kupanga. Brown na wenzake hawakukimbilia kusema akina mama ni wabaya. Walikwenda majumbani, wakakaa na ndugu, wakawaacha wasimulie maisha na mgonjwa, na wakapima si maneno tu bali na sauti: lawama, uhasama, na kule kujiingiza kupita kiasi, pale mzazi anapomfanyia mtu mzima kila kitu na kulia kila akimtazama. Mwaka 1972 walichapisha matokeo ya wagonjwa 101. Ndani ya miezi tisa, asilimia 58 ya waliorudi kwenye nyumba zenye hisia kali za aina hiyo walirudiwa na ugonjwa. Kwenye nyumba zilizo tulivu zaidi ilikuwa asilimia 16.

Wenzao waliorudia utafiti huo baadaye wakaongeza jambo la kivitendo. Walipima muda ambao mgonjwa na ndugu huyo hukaa uso kwa uso, wakaweka mpaka wa saa 35 kwa wiki. Waliokaa chini ya saa hizo, na walioendelea na dawa, walikuwa salama zaidi hata kama nyumba yenyewe ilikuwa na ukali. Fikirini maana yake kwa mama ambaye hajapumzika, anayeshinda na mwanawe kutwa nzima katika chumba kimoja. Kumtafutia mgonjwa shughuli ya mchana nje ya nyumba, na kumtafutia mama nafasi ya kutoka, vina uzito wa kitabibu.

Matokeo haya hayako kwa skizofrenia peke yake. Mwaka 1998 tafiti nyingi zilipounganishwa, uhusiano huo ulionekana kuwa na nguvu zaidi katika sonona na magonjwa ya ulaji. Na utamaduni una nafasi yake: katika familia za Wamarekani wenye asili ya Mexico, kilichotabiri mwendo wa ugonjwa kilikuwa zaidi joto la familia, upendo unaosikika katika mazungumzo. Ni vyema tujue kwamba hatupimi lawama peke yake. Wema nao unapimika, na unalinda.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa ninyi ndugu. Ukali huo si chanzo cha skizofrenia. Mara nyingi hutokana na ugonjwa wenyewe. Kijana haogi, halali, anakataa chakula akisema kimewekwa sumu, anamtuhumu dada yake. Ndugu wasipoelezwa kwamba hizi ni dalili, huona ni ukaidi na uvivu, na ukaidi hujibiwa kwa ukali. Ukali humzidishia mgonjwa hofu, hofu huzidisha dalili, na mzunguko unaendelea bila mtu mmoja wa kuulaumu. Ndiyo maana kufundisha familia kunafaa. Timu ya Julian Leff ilionyesha mwaka 1982 kwamba ukizielimisha familia kuhusu ugonjwa, ukazikutanisha na familia nyingine, na ukazitembelea nyumbani, wagonjwa wanaoendelea na dawa hurudiwa na ugonjwa kwa nadra zaidi. Tafiti zilizofuata katika nchi mbalimbali zimethibitisha. Inanisikitisha kwamba jambo lenye ushahidi wa zaidi ya miaka arobaini bado linachukuliwa kuwa nyongeza, la kufanywa muda ukibaki.

Mtauliza, maneno ya mtu yanaingiaje mwilini mwa mwingine? Njia zake tunazijua kwa kiasi. Ubongo ukihisi hatari, haipothalamasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, huitaarifu tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, na kotisoli, homoni ya msongo, hutolewa. Kotisoli huandaa sukari na nguvu, kisha inaporudi kwenye ubongo, hasa eneo la hipokampasi, hushika vipokezi vinavyosema basi, inatosha. Mwili wenye vipokezi vya kutosha hutulia haraka. Wenye upungufu hubaki umewaka.

Michael Meaney na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walichunguza panya. Wapo panya mama wanaolamba sana watoto wao katika wiki ya kwanza, na wapo wanaolamba kidogo. Watoto wa wanaolamba sana hukua wakiwa watulivu. Walipowabadilisha watoto mara tu baada ya kuzaliwa, mtoto alifuata tabia ya mama aliyemlea, si ya aliyemzaa. Mwaka 2004 wakaonyesha kwamba kulambwa huko hubadili alama za kemikali zinazokaa juu ya jeni ya vipokezi vya kotisoli, na kuifanya jeni hiyo ifanye kazi zaidi. Vinasaba vyenyewe havikubadilika. Utafiti huu umetajwa mno, na wengine wameubeba mpaka kusema kila kosa la mzazi limeandikwa katika jeni za mtoto. Panya si binadamu, wiki moja ya panya si utoto wa mtu, na hakuna tone la damu ya mtoto litakalowaambia kama mama yake alimkumbatia. Nauchukua kama uthibitisho wa jambo moja: mguso ni kichocheo cha kibiolojia.

Kwa binadamu tunayo majaribio madogo lakini yenye kufundisha. Mwaka 2006 James Coan aliwaweka wanawake 16 wenye ndoa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, huku wakijua wanaweza kupigwa shoti ndogo ya umeme wakati wowote. Walipokuwa wameshika mkono wa mume, maeneo ya ubongo yanayoitikia tishio yalipungua moto kuliko walipokuwa peke yao. Mkono wa mtu wasiyemjua ulisaidia kidogo. Na ndoa ilivyokuwa njema zaidi, ndivyo haipothalamasi ilivyotulia zaidi. Janice Kiecolt-Glaser wa Chuo Kikuu cha Ohio State naye aliwalaza hospitalini wanandoa 42 na kuwawekea vidonda vidogo vya malengelenge mkononi. Baada ya mazungumzo ya kugombana vidonda vilipona polepole kuliko baada ya mazungumzo ya kusaidiana, na kwa wanandoa wenye uhasama mkubwa kasi ya kupona ilikuwa asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao. Hayo yalichapishwa mwaka 2005.

Ila utafiti wake unaonigusa zaidi ni wa miaka kumi kabla, mwaka 1995. Aliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiwatunza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, akawalinganisha na wanawake 13 wa umri na kipato kama chao wasio na mzigo huo. Wote walitolewa kipande kidogo cha ngozi. Jeraha la watunzaji lilichelewa kupona kwa siku tisa. Siku tisa, kwa jeraha dogo lile lile! Nikimwona dada aliyemsindikiza kaka yake kliniki akiwa na kikohozi kisichoisha na macho mekundu, sioni mtu aliyekuja kusindikiza. Naona mgonjwa wa pili ambaye hana faili.

Hata kwa wanyama wa porini jambo hili linaonekana. Huko Amboseli, Kenya, watafiti wamewafuata nyani kwa jina na kwa ukoo tangu mwaka 1971. Mwaka 2016 walitoa matokeo ya majike 196. Walioanza maisha na taabu tatu au zaidi, kama vile kufiwa na mama, kuzaliwa wakati wa ukame, au mama kukosa marafiki katika kundi, walikufa miaka 10 mapema kuliko waliopata taabu moja au wasiopata yoyote. Nyani hawana sigara wala pombe. Na bado kazi ya baadaye kutoka huko huko ilionyesha kwamba jike anayepata mahusiano mazuri ukubwani huishi zaidi, hata kama utoto wake ulikuwa mgumu.

Hilo la kurekebika lina mpaka, na ni lazima tuuseme ukweli wake. Nchini Romania, Nicolae Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ili idadi ya watu ikue. Utawala wake ulipoanguka mwaka 1989, dunia ilikuta watoto zaidi ya 100,000 katika vituo, wengi wakiwa wamelazwa vitandani kutwa, wakilishwa na kubadilishwa nguo kwa zamu, bila mtu mmoja anayewajua. Kuanzia mwaka 2000 Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kwenye familia za malezi zilizoandaliwa kwa ajili hiyo, kwa kuwa mpango kama huo karibu haukuwepo. Wapo wanaouliza kama ilikuwa haki kupiga kura juu ya watoto, na swali hilo ni la kuheshimiwa. Watafiti walijibu kwamba hakuna mtoto aliyezuiwa kuondoka kituoni ikipatikana familia.

Katika umri wa miezi 54, wastani wa kipimo cha akili kwa waliobaki kwenye mpango wa vituo ulikuwa 73. Waliopelekwa kwenye familia walifikia 81. Watoto wa mji huo ambao hawakuwahi kuishi kituoni walikuwa na 109. Waliohamishwa kabla ya umri wa miaka miwili walifanya vizuri zaidi, na walipopimwa wakiwa na miaka minane, mawimbi ya umeme ya ubongo wao yalifanana na ya watoto waliolelewa nyumbani. Kituoni walikuwa na chakula, paa na nguo. Walikosa mtu wa kurudi kwake. Nchi yoyote inayojenga vituo vya watoto wachanga badala ya kusaidia familia kupokea watoto inakwenda kinyume na ushahidi huu, hata kama majengo ni mazuri na wafadhili wana nia njema.

Kuhusu miili ya wazazi nitapita haraka. Mwaka 2016 timu ya Elseline Hoekzema ilionyesha kwamba ujauzito hubadili ujazo wa sehemu za ubongo wa mama zinazohusika na kuwaelewa wengine, na mabadiliko hayo yapo hata baada ya miaka miwili. Huko Cebu, Ufilipino, wanaume 624 walifuatiliwa, na waliopata watoto walishuka testosteroni (homoni ya kiume), zaidi wale waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kumhudumia mtoto. Na sonona ya wakati wa uzazi haimpati mama peke yake: takriban baba mmoja kati ya kumi huipata kati ya ujauzito na mwaka wa kwanza wa mtoto, na humpata zaidi pale mama naye akiwa nayo. Kliniki zetu za uzazi zimuulize na baba anavyolala na anavyojisikia.

Nimalizie na tafiti mbili zinazonipa nguvu ya kusimama hapa. Ya kwanza ni ya Myrna Weissman, mwaka 2006. Akina mama wenye sonona walipewa dawa, na watoto wao wakachunguzwa kabla na baada ya miezi mitatu, jozi 151 za mama na mtoto. Kati ya watoto waliokuwa na tatizo la akili mwanzoni, asilimia 33 walipona pale mama alipopona. Mama alipobaki na sonona, ni asilimia 12 tu. Dozi alimeza mama.

Ya pili ni ya Atif Rahman, kutoka vijiji vya Rawalpindi, Pakistan, mwaka 2008. Wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake waliomaliza sekondari, walifunzwa kwa siku mbili namna ya kuzungumza na mama mjamzito mwenye sonona: kumsaidia ayatambue mawazo yanayomwangusha, kumwelekeza kwa mtoto, na kuwashirikisha mama mkwe na mume. Mtoto alipofika miezi sita, asilimia 23 ya akina mama hao bado walikuwa na sonona. Katika kundi lililotembelewa mara nyingi vile vile bila mafunzo hayo, walikuwa asilimia 53. Watoto wa kundi la kwanza walipata chanjo zaidi na waliharisha kidogo. Hakukuwa na daktari bingwa katika nyumba zile. Alikuwepo jirani aliyefunzwa, na alikuwepo mama mkwe aliyeketishwa chini akaelezwa kwamba mkwewe ni mgonjwa, si mvivu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasimamizi wa kliniki ni dogo na lina gharama ndogo. Katika faili la kila mgonjwa wa akili uwekwe ukurasa mmoja wa mtu anayeishi naye: analala saa ngapi, nani humpokea zamu, ana dalili za sonona au la, ameelezwa nini kuhusu ugonjwa, na lini ataonwa tena. Msiugeuze ukurasa huo kuwa hesabu ya alama za utoto mgumu za kumtabiria mtu maisha. Robert Anda, mmoja wa waanzilishi wa utafiti maarufu wa mwaka 1998 juu ya mateso ya utotoni, mwaka 2020 alionya yeye mwenyewe kwamba alama zile zilitengenezwa kwa ajili ya makundi ya watu na hazifai kumpima mtu mmoja mmoja. Iwe ni rekodi ya hali ya sasa, yenye jina la mhudumu atakayeifuatilia.

Mheshimiwa mwenyekiti, katika mikutano ya namna hii maswali huanzia mbele, kwa madaktari, na muda huisha kabla ya kufika nyuma. Leo naomba kipaza sauti kianzie kule nyuma walikoketi ndugu wa wagonjwa. Nitawajibu wao kwanza.